Koki

Miaka thelathini na moja nimezibua mabomba ya watu,
Majengo, Sparki, Tudor, Kisauni mpaka Mtopanga.
Nikitega sikio ukutani najua pahala palipoziba.
Maji yenyewe ni ya kubahatisha. Yakija, yaja usiku wa manane,
na mtaa mzima huamka na ndoo.

Kisha nikawa naamka mimi.
Saa sita. Saa saba na nusu. Saa tisa.
Saa kumi, kabla mwadhini hajakohoa kwenye kipaza sauti.
Nasimama chooni, kiganja ukutani,
nabembeleza kama anayedai deni kwa tajiri bahili:
tone.
Tone jingine.
Halafu kimya cha mfereji wa kaunti mwezi wa Januari.

Mwanatumu alilala akihesabu. Hasemi.
Asubuhi aliniwekea chai nusu kikombe,
nami nikajifanya sikuiona ile nusu.

Nilijua kila choo cha mji huu.
Arusini nilikaa karibu na mlango,
msikitini safu ya nyuma, udhu wangu
mwepesi kama karatasi ya njugu.
Siku moja kwenye feri ya Likoni nilikunja miguu nikalia,
ndiyo, mtu wa miaka sitini na minane,
maji chini yangu, maji mbele yangu,
na yangu mwenyewe hayataki kutoka, hayataki kukaa.

"Tezi dume," akasema Daktari Nzaro,
akachora kwa kalamu juu ya bahasha ya picha:
ilikuwa kokwa ya ukwaju, sasa ni ndimu,
na inatamani kuwa chungwa.
"Si saratani. Tumepima."
"Basi zibua," nikamwambia, sauti kavu,
maana nilimkumbuka Shali, aliyekatwa,
akapona, lakini hataki kuulizwa.
Daktari akaweka kalamu chini.
"Fundi Mselem, bomba likibanwa na mzizi wa mkungu,
unakata bomba?"
"Nakata mzizi."
"Na usipoufikia?"
Nikafikiri.
"Naunyima maji."

Wakaingilia mkononi, pale ninapofunga saa.
Hawakunilaza usingizi. Ganzi kidogo tu,
kisha mrija mwembamba kuliko tambi za Idi ukapanda
begani, ukashuka kifuani, tumboni,
ukipinda kona ambazo mimi na spana zangu zote
tusingezipinda.
Kwenye kioo mishipa yangu ikatokea myeusi
kama Kibokoni ukiitazama kutoka juu,
kichochoro kinazaa kichochoro,
na katika kile cha mwisho kabisa, kisicho na jina,
wakamwaga punje ndogo kuliko mchanga,
kidogo, wakangoja,
kidogo tena,
mpaka damu ikageuza njia.
Joto likanipita kiunoni.
"Koki imefungwa," nikasema.
Muuguzi Mbeyu akadhani naweweseka.

Nilirudi nyumbani na plasta ya mkononi.
Majirani wakaja kutazama kidonda, wakakikosa,
wakanywa kahawa yangu bure.

Sitadanganya: wiki ya kwanza nilikojoa moto,
nikamlaani Nzaro na ukoo wake mpaka Kaloleni.
Wiki ya pili nikamlaani peke yake.
Mzizi haunyauki kwa siku moja,
ningepaswa kulijua hilo mimi kuliko yeye.

Juzi nimeamka mara moja. Kiu.
Nikanywa glasi nzima gizani, wima, kama mwizi.
Mwanatumu akauliza kutoka kitandani, "Ngapi?"
Miaka miwili hakuwahi kuuliza.
"Moja."
Akageukia ukutani. Nikasikia pumzi yake
ikishuka, kama mtu anayetua mzigo kichwani.

Saa tisa mfereji wa uani ukaanza kukohoa hewa,
kisha yakaja, maji ya kaunti, kwa kishindo.
Akaniita. Akaniita tena. Akanitikisa bega.
Fundi wa mabomba alikuwa amelala.
Akajaza mapipa yote matatu peke yake,
na mpaka leo ananisema.